Harufu ya Kiberiti: Sumu ya Nyoka na Vidonge vya Presha

Fungua kopo la vidonge vya kaptoprili, usogeze pua. Kuna harufu ya mbali ya yai viza. Wapo wagonjwa wanaoisikia wakadhani dawa imeoza, wakaitupa. Haijaoza. Hiyo ni harufu ya salfa, ile ambayo Waswahili wa zamani waliiita kiberiti kabla neno hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Kila molekuli ya kaptoprili imebeba atomu moja ya kiberiti, na haikuingia humo kwa bahati. Iliwekwa na wanakemia wawili waliokuwa wakitafuta kitu cha kushikilia madini ya zinki ndani ya kimeng'enya kimoja cha mwili. Mpaka wakafika hapo, watu wengine walikuwa wameshasaga figo za sungura, wameshabana mishipa ya mbwa, na wameshakamua sumu ya nyoka wa kutisha wa Brazili.

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya presha, asubuhi ile ya kungoja kuitwa jina, utasikia maelezo mengi ya maradhi haya. Mmoja atasema ni mawazo ya watoto, mwingine atasema chumvi, mwingine atataja ukoo wao. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Chini ya yote hayo kuna mazungumzo yasiyokoma kati ya figo, ini, mapafu, moyo na kuta za mishipa. Neva hubeba sehemu ya mazungumzo hayo, na sehemu kubwa hubebwa na damu yenyewe, kwa vitu vidogo viitwavyo peptidi: asidi amino chache zilizotungwa mfululizo, kama shanga kwenye uzi. Shanga nane tu, zikipangwa kwa mpangilio wake, zinatosha kupandisha presha ya mtu mzima. Njia ya kuzifikia ilipatikana, ikasahaulika, ikapatikana tena, na mamilioni ya watu wako hai leo kwa sababu wapo waliokataa kuiacha.

Kupima presha kulitangulia kuielewa kwa muda mrefu. Mchungaji Mwingereza Stephen Hales alichapisha kitabu mwaka 1733 akieleza jinsi alivyomlaza farasi jike, akaingiza bomba kwenye ateri yake, akaliunganisha na mrija mrefu wa kioo na kuona damu ikipanda zaidi ya futi 8, yaani kama mita mbili na nusu, huku ikicheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Hakuna mgonjwa ambaye angekubali kipimo cha namna hiyo. Ilibidi kungoja hadi 1896, pale daktari wa Italia Scipione Riva-Rocci, mjini Turin, alipotengeneza mkanda wa mpira wa kufunga mkononi pamoja na safu ya zebaki ya kusomea. Mkanda anaoufunga nesi kwenye mkono wako leo ni mjukuu wa ule.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kwenye maabara ya Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Robert Tigerstedt, profesa wa fiziolojia mzaliwa wa Ufini, na mwanafunzi wake Per Bergman walichukua figo mbichi za sungura, wakazisaga, wakazitia kwenye maji baridi, wakachuja. Maji yale wakamdunga sungura mwingine kwenye mshipa wa shingo. Presha yake ikapanda. Wakarudia, ikapanda. Wakayachemsha maji kwanza, haikupanda. Wakatumia nyama ya ndani ya figo peke yake, haikupanda. Wakatumia ya nje, ikapanda. Hawakuwa wamekiona kitu chenyewe, lakini walikuwa wamekizungushia uzio: kinatoka sehemu ya nje ya figo, kinaharibiwa na moto, na kinasafiri kwa damu. Wakakiita renini, kutokana na neno la Kilatini la figo, na mwaka 1898 wakachapisha kazi yao.

Halafu kimya. Bergman akaenda kuwa daktari wa wagonjwa. Tigerstedt akarudi Helsinki na kushughulika na mambo mengine. Wengine waliojaribu kusaga figo walipata majibu yanayopingana, kila mtu na lake, na jambo lenyewe likapoa. Karibu miaka 40 ikapita hivyo. Naisikitikia sana miaka hiyo. Habari ya renini ilikuwa imeshachapishwa, iko kwenye rafu za maktaba, na watu wanaendelea kuangushwa na kiharusi huku waganga wao wakiamini kwamba presha ya juu ni jambo la uzee ambalo mwili wenyewe unalihitaji.

Aliyeiamsha habari hii ni daktari wa patholojia wa Cleveland, Marekani, aliyeitwa Harry Goldblatt. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti, na katika maiti za watu waliokuwa na presha aliona jambo likijirudia: mishipa ya figo imekuwa myembamba. Wenzake wengi walisema presha ndiyo iliyoiharibu mishipa. Goldblatt akauliza kinyume chake: je, kama mishipa ikibanwa kwanza? Akatengeneza vibano vidogo vya fedha, vinavyoweza kukazwa kidogo kidogo, akavifunga kwenye ateri za figo za mbwa. Hakuziba damu yote, aliipunguza tu. Baada ya siku chache presha ya mbwa ikapanda, ikabaki juu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1934, na ghafla maabara nyingi za dunia zikaanza kutafuta kilicho ndani ya figo yenye kiu ya damu.

Jaribio linaloniridhisha kuliko yote ya wakati ule lilifanyika Buenos Aires. Juan Carlos Fasciolo, kijana aliyekuwa chini ya mwalimu mkubwa Bernardo Houssay, alichukua figo iliyobanwa kutoka kwa mbwa mwenye presha akaishonea kwenye shingo ya mbwa mzima. Figo ile haikuwa na neva hata moja inayoiunganisha na mwili mpya. Iliunganishwa kwa damu tu. Presha ya mbwa mzima ikapanda. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya kubishana: figo ilikuwa inatuma kitu, na damu ndiyo tarishi.

Kitu gani? Eduardo Braun-Menéndez na wenzake wa Buenos Aires, akiwemo Luis Leloir, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, walifika kwenye jibu mwaka 1939. Wakati huohuo, bila kujua habari zao, Irvine Page na Oscar Helmer wa Indianapolis walifika palepale. Renini yenyewe haibani mshipa. Renini ni kisu. Inakwenda kwenye protini kubwa itokayo kwenye ini, inakata kipande kidogo, na kipande hicho ndicho kinachobana. Waajentina wakakiita hipertensini, Wamarekani wakakiita anjiotonini, na kwa karibu miaka 20 kitu kimoja kikawa na majina mawili kwenye majarida. Mwaka 1958 Braun-Menéndez na Page walifanya jambo la kiungwana: wakachukua nusu ya mbele ya jina la mmoja na nusu ya nyuma ya jina la mwingine, wakapata anjiotensini. Januari ya mwaka uliofuata Braun-Menéndez akafa katika ajali ya ndege.

Wale wa Buenos Aires hawakufanya kazi hiyo kwa raha. Mwaka 1943 serikali ya kijeshi ilimfukuza Houssay chuo kikuu kwa sababu alitia saini tamko la kudai demokrasia, na wasaidizi wake kadhaa wakaondoka naye. Wakaendelea katika taasisi ndogo iliyotegemea michango ya watu. Miaka minne baadaye mwalimu huyo aliyefukuzwa alipewa Nobel.

Hata hivyo kujua si kutibu. Mwezi Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima Rais Franklin Roosevelt akakuta presha ya 186 kwa 108. Huyu ndiye aliyekuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, katikati ya vita vikuu, na dawa alizokuwa nazo daktari wake zilikuwa dawa ya kuusaidia moyo, dawa ya kutuliza, chakula chenye chumvi kidogo na ushauri wa kupumzika. Hapakuwa na kingine cha maana. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Aprili, akiwa Warm Springs, Georgia, ameketi ili mchoraji amalizie picha yake, Roosevelt alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya sana, akaanguka. Bruenn alipofika alipima presha ikawa zaidi ya 300 kwa 190. Alasiri hiyohiyo rais akafariki. Anjiotensini ilikuwa imeshajulikana kwa miaka sita.

Kilichofuata ni kazi ya kuhesabu shanga. Kwenye hospitali ya maveterani wa vita mjini Cleveland, Leonard Skeggs na wenzake walitumia damu ya farasi. Mjini London, Stanley Peart wa Hospitali ya St Mary's, pamoja na Don Elliott, walitumia damu ya ng'ombe. Kufikia 1956 pande zote mbili zilikuwa zimesoma mpangilio wa asidi amino, na Skeggs alikuwa ameona jambo kubwa zaidi: anjiotensini ni mbili. Ya kwanza ina shanga kumi na haina nguvu yoyote ya maana. Kuna kimeng'enya kinachoikata mkiani shanga mbili, na ile inayobaki na nane ndiyo yenye makali.

Kwa hiyo mambo huenda hivi. Figo inapohisi kwamba damu inayoifikia ni haba, inamwaga renini. Renini inakata kipande cha shanga kumi kutoka kwenye protini ya ini. Kipande kinapita kwenye mishipa ya mapafu, kinakatwa mkia, kinabaki nane. Hizo nane zinabana mishipa midogo mwili mzima, na zinaiamuru tezi iliyoko juu ya figo itoe aldosteroni, homoni inayoifanya figo ishikilie chumvi, na pamoja na chumvi, maji. Mfumo huu si adui. Mtu aliyejeruhiwa akavuja damu, mama aliyetoka kujifungua akapoteza damu nyingi, mtoto aliyeharisha akakauka: wote hao hushikiliwa hai na shanga nane. Ubaya ni pale amri inapoendelea kutolewa wakati dharura haipo.

Sasa twende kwa nyoka.

Jararaka ni nyoka wa Brazili, wa jamii moja na kifutu wetu, rangi ya majani makavu, anayekaa mashambani na kuuma wakulima wengi. Mwaka 1948, mjini São Paulo, Maurício Rocha e Silva wa Taasisi ya Baiolojia, pamoja na Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld, walikuwa wakitafuta kwa nini sumu yake inamwangusha mtu. Walichanganya sumu na plazma ya damu ya mbwa, kisha wakajaribu mchanganyiko huo kwenye kipande cha utumbo wa simbilisi kilichoning'inizwa ndani ya maji ya chumvi. Kulikuwa na kalamu iliyokuwa ikichora mwendo wa utumbo. Kalamu ikapanda, lakini taratibu, tofauti na vitu vyote walivyovizoea. Damu yenyewe, kwa kuchokozwa na sumu, ilikuwa imezaa kitu kipya. Kwa maneno mawili ya Kigiriki, polepole na mwendo, wakakiita bradikinini. Wakagundua kwamba kinalegeza mishipa na kushusha presha. Baadaye ikajulikana kuwa ni peptidi ya shanga tisa.

Waangalie walivyosimama pande mbili: anjiotensini inabana, bradikinini inalegeza. Miaka ile hakuna aliyejua kwamba wawili hawa wanalindwa mlangoni na bawabu mmoja.

Rocha e Silva alihamia Ribeirão Preto, kwenye shule ya tiba, na huko akawa na mwanafunzi aliyeitwa Sérgio Ferreira. Bradikinini ilikuwa na tatizo la kuudhi: ikiingia kwenye damu inavunjwa haraka mno, karibu ipotee kabla hujaipima. Ferreira alishangaa. Kama huvunjika haraka hivyo, mbona mtu aliyeumwa na jararaka huendelea kuzidiwa? Akafikiri kwamba nyoka lazima ana kitu cha pili ndani ya sumu yake, kitu cha kuizuia isivunjwe. Akakitafuta, na mwaka 1965 akatangaza kwamba amekipata: mkusanyo wa peptidi ndogo zinazoipa bradikinini maisha marefu. Nalihesabu swali hilo la Ferreira kuwa moja ya maswali bora ya tiba ya karne ile. Halikuhitaji mashine, lilihitaji mtu anayemtazama nyoka kwa makini.

Akaibeba dondoo yake mpaka London, kwenye maabara ya John Vane katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Vane na mwenzake Kevin Ng walikuwa wameonyesha mwaka 1967 kwamba anjiotensini hukatwa mkia ndani ya mapafu, si ndani ya damu kama ilivyodhaniwa. Palepale Mick Bakhle alikuwa na kimeng'enya chenyewe, alichokitoa kwenye mapafu ya mbwa. Watu wawili kwenye jengo moja: mmoja ana kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini kali, mwingine ana sumu inayozuia kuvunjwa kwa bradikinini. Vane ndiye aliyesema wazijaribu pamoja. Bakhle akatia dondoo ya jararaka kwenye kimeng'enya, na kimeng'enya kikanyamaza.

Baadaye kidogo watafiti wengine walithibitisha kilichokuwa kimejificha: kimeng'enya kinachoivunja bradikinini ndicho kilekile kinachoinoa anjiotensini. Ukimzuia bawabu huyo mmoja, unapata mara mbili. Kinachobana mishipa kinapungua, kinachoilegeza kinabaki.

Vane alikuwa mshauri wa kampuni ya dawa ya Squibb huko Marekani, akaishawishi ichukue kazi hiyo. Humo walikuwamo David Cushman, mwanabiokemia, na Miguel Ondetti, mwanakemia Mwajentina aliyekuwa ameanza kazi kwenye tawi la kampuni hiyohiyo Buenos Aires. Ondetti alichambua sumu ya jararaka na kupata peptidi ya shanga tisa, teprotidi, ambayo John Laragh na wenzake wa New York waliwadunga wagonjwa. Presha ilishuka. Kwa mara ya kwanza ikathibitika ndani ya binadamu kwamba mlolongo wa renini ni chanzo halisi cha presha ya watu wengi, si mambo ya mbwa wa maabara tu. Lakini teprotidi ni peptidi, na tumbo halitofautishi peptidi na nyama ya mchuzi: inasagwa na kumeng'enywa. Nani angekubali kudungwa sindano kila siku kwa maisha yake yote, kwa ugonjwa ambao haumuumi?

Walijaribu kemikali nyingi kwa kubahatisha, hakuna lililotoka. Tarehe 13 Machi 1974 Cushman na Ondetti walizungumza juu ya makala iliyokuwa imechapishwa mwaka uliotangulia na Byers na Wolfenden, kuhusu kuzuia kimeng'enya kingine cha kongosho chenye atomu ya zinki. Kimeng'enya chao pia kilikuwa na zinki. Wakaacha kubahatisha, wakachora. Walijua peptidi za nyoka zinaishia na asidi amino iitwayo prolini, wakaichukua hiyo. Upande wa pili walihitaji kitu cha kuishika zinki, na cha kwanza walichoweka kilishika kwa udhaifu. Walipokibadilisha na kiberiti, nguvu ikapanda kama mara elfu. Molekuli ndogo, inayopita tumboni bila kusagwa, na mkia wa nyoka bado umo ndani yake. Ikachapishwa mwaka 1977, na 1981 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani kwa jina la kaptoprili.

Mwanzoni walitoa dozi kubwa mno. Wagonjwa wakatoka vipele, wengine wakapoteza ladha ya chakula, na wachache wakapungukiwa chembe nyeupe za damu. Dozi zilipopunguzwa, madhara mengi yakapungua nazo, na dawa ikaenea. Jamaa zake wakafuata: enalaprili, lisinoprili, perindoprili, kisha losartani mwaka 1995, ambayo haimgusi bawabu bali inaziba pale shanga nane zinapotaka kutua.

Brazili haikupata hati ya ubunifu wala mgao. Ferreira hakuisajili dondoo yake kama mali. Aliichapisha, kama wanasayansi wa chuo kikuu walivyofanya wakati ule, na faida ikabaki kwa kampuni. Wabrazili bado wanaizungumzia jararaka kila linapokuja suala la nani anamiliki dawa zitokazo kwenye misitu na wanyama wao. Nasimama upande wao. Sisi nasi tuna mizizi na nyoka, na tuna vijana wenye maswali kama la Ferreira.

Mwaka uleule wa 1981 moyo wenyewe ulionekana kuwa ni tezi. Kwa miaka mingi watazamaji wa hadubini walikuwa wameona vipunje vya ajabu kwenye vyumba vya juu vya moyo, visivyojulikana kazi yake. Adolfo de Bold, Mwajentina mwingine, aliyekuwa Kingston, Kanada, alisaga nyama ya vyumba hivyo vya moyo wa panya na kuwadunga panya wengine, kazi ya Tigerstedt upya, ila kwa kiungo kingine. Chumvi kwenye mkojo wao iliongezeka zaidi ya mara 30, na presha ikashuka. Moyo uliotanuka kwa wingi wa damu hutoa peptidi ya shanga 28 inayoiambia figo: achilia. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, akapata endothelini, peptidi ya shanga 21 itokayo kwenye utando wa ndani wa mishipa, mbanaji mkali kuliko hata anjiotensini. Walipouangalia mpangilio wake wakakuta unafanana na sumu ya nyoka mmoja afukuaye udongo karibu na Bahari ya Chumvi, ambaye jamaa zake wapo hata Kenya na Tanzania. Dawa ya kuizuia endothelini kwa ajili ya presha iliruhusiwa Marekani mwaka 2024, miaka 36 baada ya ugunduzi.

Na huku kwetu? Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika wapatao 1,000 aliowapima Kisii. Presha yao haikupanda kwa umri kama ya Wazungu. Kwa wazee ilikuwa hata chini kidogo. Miongo mitano baadaye kundi la watafiti wa Kenya na Uingereza liliwafuata Waluo waliokuwa wakitoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, likiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika miezi ya mwanzo tu mjini, presha yao ilikuwa imeshaanza kuwa juu kuliko ya waliobaki, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, maana mlo ulikuwa umebadilika. Katika majina ya walioandika utafiti huo, uliotoka mwaka 1990, yumo Mugambi, na yumo Stanley Peart, yuleyule aliyesoma shanga za anjiotensini kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1956. Baada ya maisha ya maabara, njia ilimleta mpaka kwa watu wa Nyanza.

Hapo ndipo historia hii inapomgusa msomaji moja kwa moja. Kwa Waafrika wengi wenye presha, ingawa si wote, renini kwenye damu iko chini. Mwili umeshikilia chumvi, mishipa imejaa, na figo haioni sababu ya kupiga kelele. Dawa inayomzuia bawabu inapopewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo, inazima redio ambayo sauti yake tayari ni ndogo. Ikiandamana na dawa nyingine, mambo hubadilika. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa na Waafrika kwa Waafrika 728 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zenye amlodipini, mojawapo ikiwa na perindoprili, mjukuu wa sumu ya jararaka, ziliishusha presha vizuri kuliko jozi ya tatu isiyokuwa na amlodipini. Kwa hiyo daktari akikuandikia vidonge vya aina mbili tangu mwanzo, hajakuona mgonjwa mahututi. Ametumia jibu lililopatikana hapahapa.

Kama unameza kaptoprili, enalaprili au lisinoprili na umeanza kikohozi kikavu kisichokwisha, huenda si mafua wala kifua. Ni bradikinini ya Rocha e Silva, iliyokosa wa kuivunja, inakwaruza njia ya hewa. Usiache dawa kimyakimya. Rudi kliniki useme, utabadilishiwa, na losartani kwa kawaida haileti kikohozi hicho. Kama una mimba au unatarajia kuipata, sema mapema, kwa sababu dawa za jamii hizi zote mbili humdhuru mtoto tumboni. Na midomo au ulimi ukivimba ghafla, jambo linalotokea kwa nadra ila huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo, uchukue na kopo la vidonge.